Pointi 21: Kusoma Kadi ya Gofu Iliyoharibika

Februari moja, kaskazi ikivuma kama inayodai deni, nilishuka kutoka Nairobi kwenda kucheza mashindano ya siku moja katika uwanja mmoja wa pwani. Handikapu yangu, yaani mikwaju ya bure ninayopewa kwa mashimo yote 18, ni 18. Kwa mtu wa 18 hesabu ya Stableford, ya kugawa pointi kwa kila shimo, ni nyepesi: kila shimo unapewa mkwaju mmoja wa bure, kwa hiyo pari (mikwaju iliyopangiwa shimo) ina pointi 3, bogi (mmoja zaidi) 2, dabo bogi (miwili zaidi) 1, na ukizidisha hapo hupati kitu. Ukicheza kiwango chako unarudi na 36. Mimi nilirudi na 21.

Jioni hiyo nililaumu swingi, yaani ninavyozungusha fimbo. Nilimwandikia mwalimu wangu wa gofu kwamba mikono imekufa, tuanze upya kabisa. Baadaye, kabla ya kulala, nikaitoa kadi ya kuandikia mikwaju mfukoni, imelowa jasho, nikaihesabu tena: pari 1, bogi 6, dabo bogi 6, mashimo matupu, yasiyo na pointi, 5. Nilikuwa chini ya kiwango changu kwa pointi 15, na 10 kati ya hizo zilizama katika yale mashimo matano. Nilipoyakumbuka moja moja, nikaona ni moja tu lililoharibiwa na mikono. Manne niliyaharibu kwa kichwa.

Nikamwandikia mwalimu tena: ahirisha.

Kwanza igawe kadi

Chukua penseli. Kando ya kila shimo lililokupa 0 au 1, andika herufi moja: T kwa mpira wa tii (mkwaju wa kwanza wa shimo), K kwa mpira wa kukaribia grini (nyasi fupi zinazozunguka kishimo chenyewe), F kwa mpira mfupi wa kando ya grini au bunka (shimo la mchanga), P kwa puti (mkwaju wa kuusukuma mpira kwenye grini), U kwa uamuzi. Andika kilichoanza kuharibu, si kilichomalizia. Watu wengi hukumbuka puti ya mwisho iliyokataa kuingia, wakasahau kwamba walifika kwenye grini hiyo wakiwa na mikwaju sita tayari.

Kadi yangu ilitoka hivi: U nne, P nne, K mbili, F moja. T haikuwapo hata moja, na draiva, fimbo ndefu ya kuanzia shimo, ndiyo niliyoilaani siku nzima.

Kadi yako huenda ikasema mengine. Anza na dalili iliyokula pointi nyingi, zile nyingine zisubiri.

Dalili: umeupiga vizuri, lakini haufiki

Shimo la 9, pari 3, mita 140 kuvuka bwawa. Nairobi hiyo ni ayoni (fimbo ya chuma) ya saba bila kufikiri. Kedi wangu, mbeba fimbo, kijana wa palepale, akanipa ya tano, inayopeleka mbali zaidi.

"Tano ya nini?"

"Mzee, hapa si Nairobi. Na kaskazi hii iko usoni."

"Saba yatosha, kijana."

Mpira uliondoka safi, ukapanda, ukasimama hewani kama unafikiri, ukaanguka majini. Wa pili nao ukamfuata mwenzake. Nilikuwa nimeng'ang'ania ileile saba, kwa sababu nilijiambia kwamba wa kwanza sikuupiga sawasawa. Niliupiga sawasawa kabisa. Hiyo ndiyo shida ya dalili hii: inakufanya uutilie shaka mkono ambao hauna kosa.

Chanzo ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, haiuzuii mpira sana. Ukishuka pwani hewa inakuwa nzito na mpira uleule, kwa mkono uleule, unapoteza takriban asilimia 6 ya umbali. Mita 140 zinageuka 131 au 132. Hiyo ni karibu fimbo nzima hata kabla hujauhesabu upepo. Tena upepo wa usoni hukunyang'anya umbali mwingi kuliko ule ambao upepo wa mgongoni hukuongezea, kwa hiyo usitegemee kwamba mashimo ya kwenda na ya kurudi yatasawazishana.

Tiba inayomjia kila mtu ni kuupiga kwa nguvu zaidi. Ndiyo mbaya kuliko zote. Nguvu zaidi huongeza mzunguko wa mpira kurudi nyuma, mzunguko huuinua, na mpira ulioinuka ni chakula cha kaskazi. Chukua fimbo ndefu zaidi, shika chini kidogo kwenye mpini, fupisha swingi, mpira uende chini chini.

Kipimo cha kujua kama ni hewa au ni wewe: ukipiga mipira mitatu iliyogongwa katikati ya uso wa fimbo na yote ikaishia mbele ya grini, huna kosa, badilisha fimbo. Ikiwa mmoja umefika, mwingine umepungua mita 20 na wa tatu umeruka, hapo tatizo ni mgongano wa fimbo na mpira, na hewa haihusiki. Usijilinganishe na mipira ya uwanja wa mazoezi. Mingi ni michakavu au imetengenezwa isiende mbali.

Kwa mtu wa Mombasa au Dar anayepanda Nairobi, Limuru au Arusha, geuza maelezo haya. Huyo atakuwa anaokota mipira yake nyuma ya grini. Na huko juu atakutana na nyasi ya kikuyu, iliyochukua jina la watu na nyanda hizo na kusambaa hadi viwanja vya California na Australia. Katika rafu, nyasi ndefu za pembeni, kikuyu hushika shingo ya fimbo na kuufunga uso wake, mpira ukaenda kushoto na chini. Anayejua huchukua fimbo yenye uso ulioinama zaidi, hukaza mkono wa kushoto, na huridhika kurudi tu kwenye feawei, njia ya nyasi fupi iendayo grini.

Dalili: mpira unapinda kulia

Naongea na wanaopiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto wageuze.

Usitazame mpira ulikoangukia peke yake. Tazama ulianzia wapi. Mpira huanza safari karibu na upande ambao uso wa fimbo ulielekea wakati wa kugonga, halafu hupinda kutokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo ilikuwa ikipita. Kwa hiyo ulioanza kushoto ukapinda kurudi kulia unakwambia fimbo ilikata kutoka nje kuja ndani, na uso ulikuwa wazi (umeelekea kulia) kuliko njia hiyo. Ulioanza kulia ukazidi kwenda kulia unakwambia uso ulikuwa wazi sana. Ulioanza kulia ukaenda moja kwa moja bila kupinda, mara nyingi swingi haina kosa kubwa: ulisimama ukielekea kulia. Huyu wa mwisho ndiye mgonjwa anayepewa dawa ya ugonjwa wa jirani kila Jumamosi.

Kuna jambo jingine lililonishangaza pwani. Hewa nzito haipunguzi umbali tu. Huzidisha kupinda pia. Kosa ambalo Nairobi liliniweka ukingoni mwa feawei, pwani liliniweka nje ya vigingi vyeupe vya mpaka. Nikadhani nimeharibika ndani ya siku moja, kumbe ni kosa langu lilelile la kila wiki, isipokuwa sasa hewa ilikuwa imelikuza.

Siku ya mazoezi, puliza unga mkavu kwenye uso wa draiva uone unapogongea. Ukigongea upande wa kisigino, ulio karibu na mpini, mpira huelekea kupinda kulia hata kama swingi ni njema. Usifanye hivyo katikati ya mashindano, kanuni haziruhusu kupaka kitu usoni mwa fimbo ili kubadili inavyofanya kazi. Vilevile usilaze fimbo chini ikuelekeze miguu halafu ukasimama kupiga: tangu 2019 hiyo ni adhabu ya mikwaju miwili, na ukishasimama, kuiondoa hakukuokoi.

Ukiwa ndani ya mashindano, usitibu kupinda. Ishi nako. Weka tii upande wa kulia kabisa wa eneo la kuanzia, elekea kushoto kwa feawei, legeza vidole maana hofu huvikaza, na acha mpira upinde kurudi katikati. Ikishindikana, draiva irudi mfukoni, toa haibridi, fimbo iliyo kati ya draiva na ayoni. Shimo la 4 nilitoa mpira nje kwa draiva, nikaweka mwingine, nikauliza draiva ileile, nayo ikanipa jibu lilelile. Mpira wa kwanza ulikuwa wa mkono, lakini shimo lilikuwa bado hai. Wa pili ndio ulionifanya niandike U.

Dalili: shimo tupu

Hapa ndipo penye pointi zako.

Shimo la 16, pari 4. Mpira wangu wa tii ulikwenda nyuma ya mbuyu. Kati ya mbuyu na mkorosho palikuwa na mwanya wa upana wa mlango, na grini ilionekana kwa mbali, mita 170. Kedi akanyoosha mkono kuelekea feawei, ubavuni. Hakusema neno, maana kufikia shimo la 16 alikuwa ameshanijua.

Sasa tuhesabu, jambo ambalo sikulifanya pale. Nikitoa mpira ubavuni huo ni wa pili. Wa tatu nauelekeza grini. Ukifika, puti mbili, bogi, pointi 2. Usipofika, nauchomoa hadi grini, puti mbili, dabo bogi, pointi 1. Nikipita kwenye mwanya na kila kitu kikaenda kama ndoto, pari, pointi 3. Yaani nilikuwa nacheza kamari ya shimo zima kwa ajili ya pointi moja ya ziada. Mpira uligonga mbuyu ukanirudia. Nikajaribu tena. Mbuyu ulikuwa palepale.

Kwa nini mtu mzima anafanya hivi? Kwangu jibu lilikuwa kwenye kadi: shimo la 15 nilipiga puti tatu. Nilifika kwenye mbuyu nikiwa na deni, nikitaka kulilipa kwa mkwaju mmoja. Karibu kila U kwenye kadi yangu ilitanguliwa na shimo lililoniudhi. Tazama na yako.

Hata wanaolipwa hili huwapata. Mwaka 1999 huko Carnoustie, Scotland, Jean van de Velde wa Ufaransa alifika shimo la mwisho la mashindano makubwa ya The Open akiongoza kwa mikwaju mitatu. Dabo bogi ingempa kombe. Akatoa draiva, mpira uliofuata ukagonga jukwaa la watazamaji, mwingine ukaingia kwenye kijito cha Barry Burn, naye akavua viatu na kushuka majini kuutazama. Alimaliza kwa 7, na katika mashimo ya kuamua mshindi Paul Lawrie akachukua kombe.

Nimejiwekea masharti mawili. La kwanza: baada ya adhabu yoyote, mkwaju unaofuata haupigwi na draiva. La pili: nikiwa mitini, natoka kwa njia pana zaidi, hata ikinirudisha nyuma, isipokuwa kedi aseme vingine kabla sijamuuliza.

Na shimo likishakwisha kwako, okota mpira. Dk. Frank Stableford alianzisha hesabu hii Wallasey, Uingereza, mwaka 1932, kwenye uwanja wa upepo mkali kama wetu, ili shimo moja baya lisimfanye mtu ajute kuamka. Ukiendelea kupiga mkwaju wa tisa kwa heshima tu, unachosha miguu yako na subira ya wenzako.

Shimo la 7 lilikuwa U ya aina nyingine. Mpira uliingia vichakani, nikasema "tutauona". Hatukuuona. Muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5 kama zamani, ulibadilishwa 2019. Kurudi hadi kwenye tii juani huku kundi la nyuma limesimama linakutazama ni adhabu ambayo haijaandikwa popote. Ukiwa na shaka yoyote, piga mpira wa akiba kabla ya kuondoka, na utamke wazi kwamba ni wa akiba. Ukisema tu "ngoja niweke mwingine", huo wa pili ndio unakuwa mpira wako rasmi, pamoja na adhabu, hata kama wa kwanza mtaukuta umekaa katikati ya feawei.

Dalili: puti tatu

Jiulize puti ya pili ilikuwa ndefu kiasi gani. Ikiwa ya kwanza inakuacha mita 2 mbele au nyuma ya shimo, tatizo ni kasi, na saa nzima ya kusoma mwinamo kwa kuchuchumaa haitakusaidia. Ikiwa inakuacha kando, hapo ndipo usome mwinamo.

Zangu nne zote zilikuwa za kasi. Grini nyingi za pwani ni za jamii ya ukoka, na ukoka hulala upande mmoja. Ukisimama nyuma ya mpira ukaona nyasi zinang'aa, zimelala kuelekea mbele, mpira utakimbia. Ukiona zimekolea giza, zinakuja kwako, ongeza nguvu. Chungulia pia mdomo wa shimo: ukingo ulionyooka upande mmoja na kuchakaa upande wa pili unaonyesha nyasi zinakoelekea, ni upande uliochakaa. Mwenyeji hufanya haya bila kujua anayafanya.

Kabla ya kuanza, acha draiva garini, piga puti kumi za hatua kumi kumi bila kulenga shimo lolote, halafu lenga ukingo wa nyasi. Unachotafuta ni mkono kuijua kasi ya siku hiyo.

Matatizo madogo madogo

Bunka. Shimo la 12 nilitumia mikwaju minne mchangani, na hilo ndilo shimo lililokuwa kosa la mkono. Nilikuwa nauogopa mpira, nikapunguza mwendo wakati wa kugonga. Fungua uso wa wedji, fimbo fupi yenye uso ulioinama sana, piga mchanga sentimita 5 hivi nyuma ya mpira, na umalizie swingi mpaka mwisho. Mpira ukiwa umezama, usifungue uso, ufunge kidogo. Mchanga ukilowa mvua, fimbo hudunda, kwa hiyo usifungue sana. Ukiona umeshindwa kabisa, unaruhusiwa kuutoa nje ya bunka kwa adhabu ya mikwaju miwili. Ningefanya hivyo baada ya mkwaju wa pili ningekuwa na afya bora.

Shenki, mpira unaochomoka kulia kabisa kutoka shingoni mwa fimbo. Mara nyingi uzito umeangukia vidole vya miguu na mwili umeusogelea mpira. Simama nyuma kidogo, rudisha uzito katikati ya nyayo. Na tafadhali usilitaje jina lake mbele ya wenzako. Kuna watu wanaamini linaambukiza, nami nimekaribia kuamini.

Mpira wa kwanza wa siku kugongwa kichwa, yaani sehemu ya juu, ukatambaa hatua 30. Hiyo ni haraka na macho ya watu. Pumua, anza na haibridi, hakuna zawadi ya draiva ndefu kwenye shimo la 1.

Dalili: ulianza vizuri, mwisho ukaporomoka

Dabo bogi zangu nne kati ya sita zilikuja baada ya shimo la 12. Kabla ya kutafuta maelezo ya kisaikolojia, nikakumbuka nilichokula mapumzikoni: sahani ya biriani, kisha soda mbili. Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10, saa nne na zaidi, na pwani mwezi wa Februari jua halina adabu. Miguu ikichoka, mwili hauzunguki, mikono inafanya kazi peke yake, mpira unakwenda kulia na kupungua. Ukiona dalili hiyo kwenye shimo la 14, kurekebisha mshiko ni kupoteza muda. Kunywa maji au dafu kila baada ya mashimo mawili, hata bila kiu, kula ndizi na karanga badala ya mlo, na ongeza fimbo moja kwenye kila mpira. Bia ya shimo la 9 nitaiachia dhamira yako.

Kadi yenyewe

Tatizo la mwisho halihusu mpira. Wewe ndiye mwenye jukumu la idadi ya mikwaju kwenye kila shimo. Ukisaini idadi ndogo kuliko uliyopiga, unaondolewa mashindanoni. Ukisaini kubwa, inabaki hivyohivyo. Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga 3 kwenye shimo la 17 siku ya mwisho ya mashindano ya Masters ya 1968, akaandikiwa 4, akasaini. Mkwaju huo mmoja ulimnyima nafasi ya kuamuana na Bob Goalby.

Nasi tuliketi kivulini baada ya shimo la 18, kila mtu akitaka kwenda kuoga. Mwenzangu aliyekuwa akiniandikia alikuwa amenipa 5 kwenye shimo la 14. Nikaurudia mmoja mmoja kwa vidole: tii, ayoni, wedji, puti, puti, puti. Nikamwomba kalamu, akafuta, akaandika 6, na hapo ndipo 22 ikawa 21.